Miwani ya mapacha imekuwa maziwa ya kuku!

Wiki hii tuyaweke kando mambo ya michango ya harusi na mawifi wenye mdomo. Nataka tuongelee macho. Tuanzie jikoni.

Wewe unayepikia gesi, chumvi ikidondoka kwenye moto umeona inavyokuwa? Moto ulikuwa wa bluu, ghafla unakuwa njano! Hiyo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi. Sasa kioo cha kawaida nacho kina sodiamu, manake kinatengenezwa kwa mchanga na magadi. Fundi anayetengeneza shanga au glasi akikiweka kwenye moto mkali, njano inawaka mpaka haoni anachokifanya. Na huwezi kufinyanga kitu usichokiona, utaungua vidole bure.

Dawa yake ni miwani yenye kioo cha didimiamu. Ukiitazama ni kama ina uzambarau wa mbali. Ukiivaa, ile njano inapotea, unaona kazi yako vizuri kabisa. Jina lenyewe lina kisa. Mwaka 1841 Carl Gustaf Mosander wa Sweden alidhani amepata elementi mpya, akaiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya pacha. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Austria akaipasua. Kumbe pacha mwenyewe alikuwa wawili, neodimiamu na praseodimiamu! Hao ndio wanaoimeza njano.

Sasa kasheshe liko hapa. Hao mapacha wanatakiwa na wakubwa. Ndio wanaotengeneza sumaku kali za magari ya umeme, mitambo ya umeme wa upepo, hadi vile vispika vya kuweka masikioni. Fundi kioo naye? Ananunua miwani moja, anakaa nayo miaka. Viwanda vinavyoyeyusha kioo hicho ni vya kuhesabu, na tanuri haliwashwi kwa ajili ya wateja watatu. Kiwanda kimoja kikisema basi, mafundi wa nchi nyingi wanabaki kusubiri. Na anayevaa miwani ya kusomea ndiyo anasubiri zaidi, kwa sababu lenzi yake lazima isagwe kwa vipimo vyake.

Mwaka 2010 mambo yaliwahi kuchacha kweli. Wakati huo China ilikuwa inatoa zaidi ya asilimia 90 ya madini adimu ya dunia nzima. Ikapunguza kiasi kinachoruhusiwa kutoka nje, bei ikapaa mpaka 2011. Vizuizi vile viliondolewa 2015, lakini watu walishajua nani ameshika mpini.

Wengine watasema, “Aah, si avae miwani ya jua tu?” Thubutu! Hapo ndipo watu wanapojiua macho. Moto wa kioo unatoa njano unayoiona, halafu unatoa mionzi ya joto usiyoiona. Hiyo ya pili ndiyo mbaya. Inapika lenzi ya jicho taratibu, miaka na miaka, mpaka unapata mtoto wa jicho. Wazungu waliligundua zamani, na mwaka 1913 William Crookes aliwaeleza wenzake wa Royal Society ya London majaribio yake ya vioo vya kuwakinga mafundi hao. Miwani ya jua inakupa giza tu. Mboni inapanuka, joto linapita.

Na sikia hili vizuri. Hata didimiamu peke yake haizuii joto lote. Mwenye tanuri kubwa, au anayefanyia kazi kioo kigumu kama cha maabara, anahitaji na kivuli cha kijani kama cha mchomeleaji juu yake. Kivuli hicho peke yake nacho hakitoshi, njano inabaki. Ndiyo maana miwani hii haina mbadala wa rahisi.

Ukiletewa ya bei poa, usidanganywe na rangi. Nyunyiza chumvi kiduchu kwenye moto wa gesi, tazama. Njano ikibaki, umeuziwa urembo. Ikipotea, bado uliza karatasi ya kiwanda kuhusu mionzi ya joto, manake hilo jicho halioni.

Kinachonichekesha ni kwamba mapacha hao tunao sisi! Wako Ngualla, mkoani Songwe. Mwaka 2023 serikali ilisaini mkataba na kampuni ya Peak ya Australia, nchi ikapata hisa asilimia 16. Mwaka 2025 Peak ikanunuliwa na Shenghe ya China. Ila mawe si miwani. Lazima yasafishwe, yachanganywe, yayeyushwe, yang'arishwe. Bila wa kufanya hayo, fundi wa Arusha au Kitengela ataendelea kuagiza mbali.

Kwa hiyo ndugu zangu mafundi, agizeni kwa kikundi, na mwenye miwani aitunze kama cheti cha ndoa. Ikivunjika, zima moto usubiri nyingine. Oda itakuja tena, jicho haliagizwi.

Tukutane wiki ijayo. Macho kodo!