Haki ya Kuuliza Ingalikuwaje

Wapo walimu wa historia ambao, mwanafunzi akiuliza Kilwa ingalikuwaje lau merikebu za Wareno zisingalifika, humkata kauli kabla hajamaliza. Jawabu lao ni moja: historia hushughulika na yaliyotokea, na yasiyotokea ni kazi ya wasimulizi wa hadithi. Kwa upande wa pili wapo vijana wakeshao mbele ya kompyuta, na kabla ya alfajiri Kilwa imekwisha kuiteka Goa, imezivunja ngome za Lisbon, na bendera yake yapepea katika kila bahari. Makundi haya mawili hudharauliana. Mwalimu humwona kijana kuwa mpoteza wakati, na kijana humwona mwalimu kuwa mfungwa wa tarehe. Walakini wote wawili wameshiriki kosa moja, nalo ni kukubali kwamba swali la ingalikuwaje ni mchezo tu: mmoja aukataa mchezo huo, na mwingine auridhia kama ulivyo.

Swali lenyewe ni kongwe. Livy, mwandishi wa historia ya Roma, katika kitabu chake cha tisa aliyaacha masimulizi yake kwa muda apate kupima kama Alexander Mkuu angaliweza kuishinda Roma lau angaligeukia magharibi. Naye akahukumu, kama ilivyotazamiwa kwa Mrumi, kuwa Roma ingalishinda. Mwaka 1836 Mfaransa Louis Geoffroy alitoa kitabu ambamo Napoleon hakuangamia baada ya Moscow, bali aliitawala dunia nzima. Mwaka 1876 mwanafalsafa Charles Renouvier aliipa kazi ya namna hii jina, Uchronie, yaani wakati usiokuwako. Mwaka 1931 J. C. Squire wa Uingereza alikusanya insha za jinsi hiyo, na Winston Churchill alikuwa mmoja wa walioziandika. Msomaji akiitazama orodha hii ataona jambo moja: wote walitoka katika mataifa yaliyotawala wengine. Aliyetawaliwa hakuwamo katika baraza lile, wala hakuulizwa yeye angalipenda lipi lingalitokea.

Mshtaki mkubwa wa kazi hii alikuwa E. H. Carr, katika mihadhara yake ya mwaka 1961 iliyochapwa kwa jina What Is History? Yeye aliiona kuwa burudani ya sebuleni, na akadai kuwa wanaoipenda sana ni wale ambao upande wao umeshindwa. Aliwataja hasa waliochukizwa na Mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, ambao badala ya kueleza yaliyotokea hujifariji kwa yale ambayo yangaliweza kutokea. Shtaka hili lina ukweli na lina dhuluma. Ukweli wake ni kuwa faraja si elimu. Dhuluma yake ni kuwa lamnyima mshindwa swali ambalo mshindi hana haja nalo. Mshindi hatafuti kujua kama ushindi wake ulikuwa lazima. Kwake yeye, umekuwa, na yatosha. Mshindwa ndiye atakaye kujua kama mlango ulikuwa umefungwa kweli au aliambiwa tu kuwa umefungwa. Watu wa Afrika walifundishwa kwa muda mrefu kuwa kutawaliwa kwao kulikuwa kama mvua ya masika, jambo lijalo kwa majira yake. Kumkataza mtu kama huyo asiulize ingalikuwaje ni kuyathibitisha mafundisho hayo kwa jina la elimu.

Tena mwalimu anayelikataa swali hili hulitumia kila siku pasipo kujua. Anayesema kuwa nguvu za meli za Francisco de Almeida ndizo zilizoiangusha Kilwa mwezi wa Julai 1505, amekwisha kusema kimoyomoyo kuwa bila nguvu hizo Kilwa isingalianguka siku ile. Hapana sababu isiyobeba ingalikuwaje mgongoni. Robert Fogel wa Marekani alilileta jambo hili mwangani mwaka 1964. Watu wote walikuwa wakisema kuwa reli ndiyo iliyoujenga uchumi wa Marekani. Yeye akapiga hesabu ya Marekani isiyokuwa na reli, yenye mifereji na magari ya kukokotwa tu, akakuta kuwa hasara ya mwaka 1890 isingalizidi asilimia chache za pato la nchi. Mwaka 1993 alipewa tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Douglass North. Haikuwa burudani ya sebuleni.

Kiswahili nacho kina ushahidi wake katika shauri hili. Wataalamu wa sarufi walifundisha kuwa -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana, na -ngali- ni ya jambo ambalo mlango wake umekwisha kufungwa. Katika mazungumzo ya leo tofauti hii imefifia, na wengi huzichanganya -nge-, -ngeli- na -ngali- bila kujali. Hata hivyo ndani yake mna somo zima la historia. Yaliyo -ngali- kwa kizazi cha leo yalikuwa -nge- kwa walioishi wakati ule. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa ilipe kodi kwa mfalme wa Ureno. Almeida alipotia nanga mwaka 1505, mtawala Ibrahim alikuwa na njia kadhaa mbele yake: kulipa, kupigana, kukawiza mambo, au kukimbia. Katika mji wenyewe watu hawakuwa na rai moja, kwani Mohamed Ankoni, ambaye Wareno walimweka kitini baada ya Ibrahim kukimbia, alikuwa mmoja wa wakubwa wa mji uleule. Wareno nao waliihama Kilwa mwaka 1512. Mwanahistoria asiyeonyesha kuwa watu hao walikuwa wakisema kwa -nge- huwafanya kuwa sanamu zilizongoja kuangushwa.

Hivyo ndivyo mwalimu alivyokosea. Zamu ya mchezaji yafuata, na kosa lake si dogo.

Michezo ya vita juu ya ramani haikuanzia sebuleni bali makambini. Mwaka 1824 wakuu wa jeshi la Prussia walionyeshwa mchezo wa Von Reisswitz, wakauona kuwa chombo chema cha kuwafunzia maofisa wao. Michezo ya leo ya kompyuta imeirithi asili hiyo. Unaojulikana sana ni Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Paradox ya Stockholm. Huanza tarehe 11 Novemba 1444, na mchezaji aweza kuchagua nchi nyingi sana, Kilwa ikiwamo, akaiongoza mpaka mwaka 1821. Si haba: wako vijana wengi duniani ambao wasingalilisikia jina la Kilwa kama si mchezo huu. Lakini jina si heshima. Mpaka mwaka 2016 kanuni za mchezo ziligawa mataifa katika makundi ya ufundi, na makundi ya Afrika yalilipa zaidi kuliko la Ulaya Magharibi ili kupata maarifa yaleyale. Mwaka huo kanuni zikabadilishwa, yakaletwa mambo makuu ambayo huzaliwa mahali na kuenea; na mojawapo, ule Ufufuko wa Elimu, huzaliwa Italia. Sehemu kubwa ya bara la Afrika iliwekwa kuwa ardhi tupu ingojayo walowezi. Katika Victoria II, wa mwaka 2010, mataifa yaligawanywa kuwa yaliyostaarabika na yasiyostaarabika. Katika Victoria 3, wa mwaka 2022, neno hilo halimo, walakini jamii nyingi za bara hili zimewekwa katika daraja ambalo mchezaji hawezi kulichagua. Zaweza kuasi zikinyang'anywa nchi, haziwezi kuchezwa.

Hapo pana jambo la kutafakari. Mchezo unaojisifu kuwa kila kitu chawezekana umekwisha kuamua, kabla ya kete ya kwanza, ni nani anayeweza na ni nani asiyeweza. Wazee wa pwani walio barazani hawangalikubali. Katika bao la Kiswahili kete ni 64, na kila mchezaji ana 32. Huanza kwa mpango uleule, na anayeshinda hushinda kwa akili. Lau mmoja angalipewa kete zote, na mwenzake akaambiwa kuwa upande wake ni mashimo matupu yangojayo kujazwa na mgeni, watu wangalisema kuwa hapo hapana mchezo. Mtetezi wa michezo hiyo atajibu kuwa historia yenyewe haikugawa kete sawa, na hilo ni kweli. Lakini bara halikuwa mashimo matupu. Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola iliyozitia hofu njia za misafara. Na tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Wajerumani na kumwua kamanda wake, Emil von Zelewsky. Watu wa namna hiyo hawangoji kujazwa.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa sababu halimo katika kanuni tu bali katika moyo wa mchezaji. Mchezaji anayeishika Kilwa hushindaje? Hujenga meli za mizinga, huteka miji ya jirani, hupeleka walowezi, hubadili dini za watu, na mwisho hufika Ulaya akawafanyia Wareno waliyoyafanya Wareno. Kilwa imeshinda kwa kuwa Ureno. Ramani imebadilika rangi, lakini mantiki yake haikubadilika hata nukta. Kilwa ya kweli haikutajirika kwa kuteka bahari. Ilitajirika kwa pepo za kaskazi na kusi, kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na kwa wageni waliokuja, wakauza, wakaoa, wakaondoka. Je, njia hiyo ingaliweza kusimama mbele ya mizinga? Swali hilo ndilo lenye uzito, na ndilo ambalo mchezo hauna kitufe chake.

Wala mtu asikimbilie upande wa pili akaichora Kilwa kama pepo iliyopotea. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Anayeandika tarehe ya kubuni ambamo Kilwa haikushindwa kamwe hana budi kusema watu hao 1,000 wamekwenda wapi. Akiwaacha nje, amefanya kama waliochora ardhi tupu.

Namna bora ya kazi hii iko, na mifano yake i karibu. Mwaka 1824 Wamazrui wa Mombasa, wakimhofu Seyyid Said wa Omani, waliomba himaya kwa nahodha Mwingereza, W. F. W. Owen. Owen akakubali pasipo amri ya London, kwa masharti ambayo moja lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Serikali yake haikuridhia, na mwaka 1826 himaya ikaondolewa. Mwaka 1837 Seyyid Said akaitwaa Mombasa. Lau London ingaliridhia ingalikuwaje? Hatua ya kwanza yaonekana: Wamazrui wasingaling'olewa kwa urahisi ule, na sharti la watumwa lingalijaribiwa mapema. Hatua ya pili yaonekana kwa shida: Waingereza wangalikuwa na mguu pwani miaka mingi kabla ya wakati wao, na hapana anayeweza kuapa kuwa hilo lingalikuwa jema. Hatua ya tatu ni ukungu, na mwandishi mwaminifu husimama hapo. Swali hili halimfariji mtu, na kwa sababu hiyohiyo lafundisha.

Mfano wa pili wawagusa wasomi wa Kiswahili wenyewe. Krapf, aliyekaa Mombasa tangu mwaka 1844, aliijenga kazi yake ya lugha juu ya Kimvita. Edward Steere aliijenga yake juu ya Kiunguja. Mkutano wa mwaka 1928, uliofanyika Mombasa penyewe, ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Tangu hapo mtoto wa Mvita au wa Lamu, aliyezaliwa katika lugha ya mashairi makubwa, amesahihishwa kwa wino mwekundu darasani kwa kusema kama babu yake. Lau ungalichaguliwa msingi mwingine, wino huo ungaliwaangukia watoto wa Unguja. Na lau ingaliamuliwa kuwa lugha sanifu iwe na milango miwili, huenda usingalimwangukia mtu. Anayefikiri hivyo hapotezi wakati. Agundua kuwa kile aitwacho kosa kilikuwa shauri la watu mezani, na kwamba shauri la watu laweza kurejewa na watu.

Hiyo ndiyo faida ya kuuliza. Yaliyopita hayarudi, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Lakini anayejua kuwa jana ilikuwa na njia zaidi ya moja haamini kwa wepesi akiambiwa kuwa leo ina njia moja tu. Watawala wa kila zama hupenda watu waamini hivyo.

Basi mwalimu na amwache mwanafunzi amalize swali lake. Kisha amwulize mambo matatu: ni nani, siku ile, aliyekuwa na njia hiyo mkononi, ni nani angaliilipa gharama yake, na ushahidi uko wapi. Mwanafunzi akiweza kujibu, ameandika historia. Asipoweza, na arudi makabatini akazisome nyaraka, si kwenye mchezo.