Mahindi Yasitoke Yote Ghalani

Jioni za mwezi wa Januari, katika Mtaa wa Kongo hapa Kariakoo, mchukuzi aliyebeba marobota tangu alfajiri husimama kwa wakala wa fedha za simu ili apeleke nyumbani fedha za unga. Pengine kwao ni Kongwa. Huko ziendako fedha hizo, mwezi wa Juni uliopita jamaa zake walivuna, wakapakia magunia yote, wakayauza. Bei ya mavuno ni ya chini kwa kuwa kila mtu anauza. Bei ya Januari ni ya juu kwa kuwa kila mtu ananunua. Basi mchukuzi huyu hununua kwa jasho lake chakula ambacho nduguze walikwisha kukitolea jasho, na anayefaidi ni mwenye ghala. Sisi hatumlaumu mwenye ghala. Twauliza kwa nini mwenye shamba hana.

Wafanyakazi wa Kariakoo yawapasa kulijali neno hili kuliko wengine, maana jina la mahali pao latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza, baada ya kuutwaa mji huu mwaka 1916, walikiweka hapa. Katika vita ile majeshi ya pande zote mbili yalichukua watu, ng'ombe na nafaka za Ugogo. Mvua zilipokosekana, ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ya 1917 hadi 1920, ikaua maelfu ya watu. Ukame Ugogo haukuwa jambo geni. Ila safari ile ghala zilikuwa tupu.

Taifa limejifunza. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 ilitubidi kununua nafaka nyingi ng'ambo, na tangu 2008 tuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Lakini ghala la taifa haliwezi kuwa dari ya kila nyumba.

Wako wanaosema kwamba mkulima huuza kwa tamaa. Hilo si kweli. Wengi huuza kwa sababu ya deni, na wengine kwa kumwogopa dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kwa upande wa Tabora, na ambaye kwa miezi michache hugeuza gunia kuwa vumbi. Dawa yake si ngumu. Mahindi yakaushwe sawasawa juu ya turubai, yapukuchuliwe, yapepetwe. Kisha tia konzi ya punje katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu, utikise: chumvi ikishika ubavuni mwa chupa, rudisha mahindi juani. Yakiwa tayari, yatiwe katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake, na mifuko ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Wadudu waliomo watakufa kwa kukosa hewa. Lakini mfuko hauponyi mahindi yaliyokwisha kuota ukungu. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Nyumba ipikayo kilo 3 za dona kwa siku humaliza karibu gunia moja la kilo 100 kwa mwezi. Kutoka Januari hadi Mei ni magunia matano. Hayo yatengwe kwanza, ndipo mnunuzi aitwe. Na palipo na ukame mwingi, mtama na uwele visidharauliwe kwa kuwa mjini watu wanapenda sembe.

Ushauri wetu kwa wafanyakazi ni huu: fedha za unga zipelekwe Juni, zilipe deni na kununua mifuko, mahindi yabaki. Tena mapato ya mjini hayana ahadi. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua, na aliyekuwa na akiba ya bidhaa tu aliamka hana akiba.

Upatu umejaa katika mitaa hii, na wachezaji wake wanaaminiana. Matawi ya sokoni yalizungumze jambo hili kabla ya mavuno, na zamu ya Juni apewe yule ambaye kwao mnunuzi amekwisha fika na mizani yake.