Bunduki Yenye Akili, Mwindaji Asiye na Jasho



Mkoa wetu umebeba jina la mwindaji. Wazee husimulia kwamba roho ya Katabi hukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na wapo wanaoacha sadaka chini yake. Hatuandiki ili kuihukumu simulizi hiyo. Twaitaja kwa sababu yaonyesha jinsi watu wa hapa walivyomwelewa mwindaji: mtu ajuaye nyayo, upepo na subira, awezaye kurudi nyumbani mikono mitupu bila kuona aibu. Sasa yaja silaha ambayo mwenye kuishika hahitaji kujua hata kimoja cha hivyo.

Mwaka 2013 kampuni ya TrackingPoint ya Texas, Marekani, ilianza kuuza bunduki yenye kompyuta ndani ya darubini yake. Mpigaji humtia mnyama alama kwa kubonyeza kitufe, nayo kompyuta hupima umbali na mwendo. Kisha, hata akivuta kifyatulio, risasi haitoki mpaka mashine iridhike kwamba mtutu umeelekea penye alama. Bei ilizidi dola 20,000, na sifa iliyotangazwa ni kwamba hata asiye na mazoezi angeweza kupiga kitu kilicho mbali karibu kilomita moja. Miaka miwili baadaye wataalamu wa kompyuta walionyesha kwamba mtu wa pembeni aweza kuingilia bunduki hiyo kwa mawimbi ya hewani na kuipotosha shabaha yake. Swali tunalouliza ni jepesi: hapo nani amepiga? Na nani atajibu?

Huko huko Texas, mwaka 2005, mtu mmoja alianzisha biashara ya kumwezesha mteja aliye nyumbani kwake kumuua mnyama kwa kubofya kompyuta, bunduki ikiwa imefungwa shambani. Texas yenyewe, jimbo lisilosifika kwa kuchukia bunduki, ililipiga marufuku jambo hilo mwaka ule ule. Mwaka 2014 Alaska na Colorado zilikataza wawindaji kutafuta wanyama kwa droni. Basi wasituambie kwamba sisi wa Mpanda tunaogopa maendeleo.

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya mbali. Lakini wawindaji wa kitalii wanaokuja Tanzania wengi wao hutoka Marekani, na mapori ya akiba ya Rukwa, Lukwati na Lwafi yamo katika ukanda huu wetu. Tena msimu wa uwindaji huanza Julai, katikati ya kiangazi. Kila mkazi wa Sitalike ajua hali ya Mto Katuma wakati huo: maji hupungua, viboko hubanana matopeni, nyati na pofu hufuata madimbwi yaliyobaki. Mnyama hana pa kwenda. Kinachomlinda ni kichaka, giza na masikio yake. Ukileta darubini inayoona joto la mwili gizani, na droni inayotazama toka juu, umeondoa vyote vitatu kwa mara moja. Pori lililobaki hapo tofauti yake na machinjio ni ndogo mno.

Twajua jibu la wenye biashara: silaha inayolenga vizuri hupunguza majeruhi. Si hoja ya kudharau, kwani nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa mwanamke anayeokota kuni. Lakini chombo hicho hakuuziwa mtu ili apige vizuri zaidi akiwa hatua mia moja. Aliuziwa ili apige akiwa mbali mno, mahali ambapo hapo kwanza dhamiri yake na uwezo wake vingemwambia aache. (Wanaoshindana kulenga ubao hatuna ugomvi nao, ubao hauna damu.) Katekisimu, namba 2418, yafundisha kwamba ni kinyume cha heshima ya binadamu kuwatesa au kuwaua wanyama pasipo sababu.

Kuna jambo linalotuuma zaidi. Mwenzetu wa kijijini akikamatwa na gobore na kitoweo cha porini, huitwa jangili. Mahakama zetu zimetoa vifungo vya miaka 20 kwa watu waliokutwa na nyara za Serikali. Hatutetei ujangili: kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na hasara hiyo ni yetu sote. Lakini mwaka 2014 kampuni moja ya uwindaji, si ya mkoa wetu, ilifutiwa kibali baada ya video kuonyesha wageni wake wakifukuza wanyama kwa magari; mwaka 2016 ikarudishiwa. Gobore hupelekwa mahakamani, gari hupewa msamaha. Je, droni itapewa nini? Na wale vijana wetu waliokuwa wakilipwa kufuata nyayo, mashine ikishajua alipo mnyama, watalipwa kwa kazi gani?

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza, pasipo kibali maalumu, kuwinda kwa gari, kwa taa za usiku na kwa silaha za kujifyatua mfululizo. Waliotunga katazo hilo walielewa kwamba uwindaji una mpaka. Mkataba wa Afrika wa kuhifadhi maumbile, uliofanyiwa marekebisho Maputo mwaka 2003, unataja hata vifaa vya elektroniki vya kulengea usiku. Bunduki inayochagua yenyewe wakati wa kufyatua ni mtoto wa ukoo huo huo, nayo itajwe kwa jina lake, pamoja na droni, kabla vitalu havijazizoea.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa walei katika vigango vinavyopakana na mapori waipeleke hoja hii katika mikutano mikuu ya vijiji, iandikwe katika muhtasari, na muhtasari huo upelekwe kwa mbunge na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Waulize pia ni nani hukagua darubini ya mgeni anapoingia kitaluni, na mwanakijiji anayeiona droni porini ampelekee nani taarifa.