Kaka wa "tatu, mbili, moja" hapo Singida Mjini, acha kuwachora wenye bando dogo!

Kuna kaka mmoja Singida Mjini, jina linahifadhiwa, ila waliomo kwenye grupu lake washamjua. Kila Ijumaa saa 3 usiku anakusanya wapenda series. Wengine wako Misuna, wengine Manyoni, wengine Kiomboi, na wengine walishahamia Dodoma na Dar. Wanapigiana simu ya pamoja, kaka anahesabu "tatu, mbili, moja, bonyeza!" na kila mtu anaanza kuangalia kwenye simu yake sekunde ileile. Wanacheka pamoja, wanashtuka pamoja. Wazo zuri, hakuna anayelipinga.

Shida inaanza dakika ya kumi. Simu ya mmoja inazunguka tu. Anaandika, "subirini jamani, bando." Kaka hasubiri. Anasonga mbele, anaimwaga stori yote, halafu kesho yake meseji ya yule aliyekwama iko stetasi na emoji za kucheka. Juzi kati binti mmoja wa Iramba alitolewa grupu kabisa. Kosa lake? Kuomba watu wasimame dakika tano ajiunge kifurushi. Na huyohuyo kaka anajiita "rais wa wapenda muvi."

Kaka, rais gani anaacha raia njiani?

Uambiwe ukweli tu: hiyo spidi yako siyo ujanja, ni Wi-Fi ya nyumbani, tena bili analipa mzazi. Mwenzako anahesabu MB. Netflix wenyewe wanasema picha ya kawaida inakula mpaka GB 1 kwa saa, na ya HD mpaka GB 3. Chukua Squid Game ya kwanza, ile ya 2021. Ina episodi 9, jumla kama saa 8. Picha ya kawaida inaweza kumaliza GB 8, na HD zidisha mara tatu. Sasa kijana anayeuza kuku wa kienyeji stendi, au anayebeba magunia ya alizeti, atoe wapi GB 24 ili tu asiitwe mshamba? Wapo wanaokopa salio usiku ili wasiachwe, asubuhi wakiweka vocha inakatwa deni. Hiyo siyo burudani tena, ni mchango wa harusi ya mtu usiyemjua.

Kuna wapambe wake wanasema, "kwani nani kamlazimisha? Asiyeweza atoke." Hebu tulieni. Wengi wa hao wamesoma pamoja, maisha yakawatawanya. Huyu yuko shamba, yule yuko chuo, mwingine dereva boda. Ile Ijumaa ndiyo siku pekee wanasikia sauti za wenzao wote kwa mpigo. Series unaweza kuimalizia peke yako Jumapili. Marafiki je, unawamalizia wapi? Binti aliyetolewa hakukosa episodi, alikosa watu wake.

Tena watu wa Bongo siyo wageni wa kuangalia pamoja. Vibanda umiza vipo miaka na miaka. Ukilipa kiingilio chako, uwe mwalimu, uwe mpiga debe, mnaona picha moja kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika, umekatika kwa wote, mnaguna wote. Kwenye zile kanda za Lufufu, asiyejua Kiingereza alitafsiriwa mwanzo mwisho ili aende sawa na wenzake. Hakuna aliyechorwa kwa kutojua.

Hata teknolojia ina adabu kumzidi kaka. Mwaka 2020, watu wamejifungia kwa sababu ya korona, programu ya Netflix Party ilishika chati, siku hizi inaitwa Teleparty. Kazi yake ni kuwaunganisha watu wa mbali, na mmoja akisimamisha muvi, inasimama kwa wote. Yaani programu inajua kusubiri, binadamu wa Singida anashindwa!

Na siyo kwamba hakuna njia. Ndani ya app ya Netflix kuna sehemu ya kubana data. Ukiiweka hapo, GB 1 inakupeleka kama saa 6, kwa hiyo ile Squid Game nzima haifiki GB 2. Picha haitang'aa sana, lakini stori ni ileile. Pia unaweza kupakua episodi mapema, saa 3 ikifika bando linatumika kwenye simu ya maongezi tu. Kaka mwenye Wi-Fi, walio jirani waite Ijumaa mchana wapakue kwako. Itakugharimu nini, soda?

Sheria ya grupu iwe moja: anayekwama akisema "simama," wote wanasimama. Mwenye spidi ndogo ndiye anayepanga mwendo, kama safari ya miguu yenye mtoto ndani yake. Na meseji ya mtu aliyeishiwa bando haiendi stetasi, hata kama inachekesha.

Kaka, Ijumaa hii mrudishe yule binti wa Iramba. Muombe radhi mbele ya wote, maana ulimtoa mbele ya wote. Halafu ndiyo uhesabu tatu, mbili, moja.

Wadau mnasemaje? Asubiriwe au aachwe? Dondosheni maoni hapo chini, matusi hayapiti.