Aliyesukumwa Ni Nani?

Wengi wetu hapa Kangari hudhani kwamba mradi unayajua maneno, sentensi itajipanga yenyewe. Mimi napinga, na nina sababu.

Nilipokuwa shule ya msingi, kiranja alimsukuma rafiki yangu akaanguka matopeni. Niliambiwa niandike niliyoyaona. Kwa kuwa nilimhurumia rafiki yangu, nilianza na yeye: "Mwanafunzi huyu alimsukuma kiranja." Kichwani nilisikia kituo baada ya "huyu", kama tusemavyo kwa mdomo. Lo! Karatasi haina sauti. Nusura rafiki yangu achapwe badala ya kupewa pole!

Kosa lilikuwa wapi? Hebu tazama: "Majani chai haya ameyachuma mama." Hakuna atakayedhani kuwa majani yamemchuma mama, maana kiambishi "a" ni cha mama na "ya" ni cha majani. Ngeli zimetuokoa. Lakini mwanafunzi na kiranja wote ni wa ngeli ya A-WA. Hapo msomaji hana msaada ila mpangilio: anayetajwa kwanza ndiye mtenda.

Si lugha zote zilizo hivyo. Katika Kihindi, kitenzi kwa kawaida huja mwisho, na jina huweza kufuatwa na kijineno: "ne" kwa aliyetenda jambo likakamilika, "ko" kwa mtu aliyetendwa. "Ram ne Shyam ko dekha" maana yake Ram alimwona Shyam. Ukigeuza, "Shyam ko Ram ne dekha", aliyeona bado ni Ram. Msisitizo tu ndio umehama. Hata hivyo, wataalamu waliopima usomaji wa Kihindi wameona kuwa mpangilio usio wa kawaida humkawiza msomaji. Ikiwa mwenye "ne" na "ko" hukawia, sembuse sisi?

Kwa hivyo, naomba walimu wetu wasitupige marufuku kuhamisha maneno, bali watufunze ni wakati gani. Ngeli zikitofautiana, hamisha. Zikiwa moja, kimbilia kauli ya kutendwa: "Mwanafunzi huyu alisukumwa na kiranja." Rafiki yangu bado anatangulia, na hakuna wa kumwonea.

Nawe ndugu msomaji, kabla hujapeana karatasi yako, jiulize: asiyekuwepo ataelewa nani alimtenda nani?