Usitupe Laptopu, Hamisha Mfumo

Bumu likiingia tu, utasikia mtu hosteli anasema anatafuta laptopu mpya kwa sababu ya zamani "imechoka". Neno hilo naomba tulipinge. Laptopu nyingi tunazoziita zimechoka ni nzima kabisa. Kilichochoka ni diski iliyomo ndani, na diski inabadilishwa.

Tuelewane kwanza. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kuna mkono mdogo unaosoma juu yake. Ukifungua kazi yako, ule mkono unakimbia huku na huko kuokota vipande. SSD haina kinachozunguka. Kila kitu kiko kwenye chipu. Diski ya zamani husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA hufika kama 500. Kwenye vipande vidogo vidogo pengo ni kubwa zaidi, na mfumo endeshi unapowaka husoma vipande vidogo kwa maelfu. Ndiyo maana mashine uliyokuwa unaiwasha, unaenda kuchota maji, unarudi bado inahangaika, ikipewa SSD inawaka kabla hujakaa vizuri.

Na kwa sisi wa Dodoma kuna la ziada. Laptopu zetu hupanda daladala na bodaboda kila siku. Diski ya kuzunguka ikitikiswa ikiwa inafanya kazi, huumia. SSD haijali sana mtikisiko.

Sasa mbona watu hawabadilishi? Hela ni sababu, lakini si kubwa kuliko hofu. SSD ikitoka dukani ni tupu. Mfumo, programu na mafaili yako vyote viko kule kwenye diski ya zamani, na mtu anawaza: nikigusa hapa, ripoti yangu ya utafiti imekwenda. Basi anampa fundi kila kitu, pamoja na nywila, halafu anasubiri siku mbili roho mkononi.

Simsemi fundi vibaya, wengi wao wanajua kazi na wanaishi kwa hiyo. Ila ujuzi huu tunauweza. Angalia hatua zake:

Moja, nakili mafaili yako muhimu sehemu nyingine kabla ya yote. Hii haina mjadala. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, ifungue kwanza.

Mbili, kagua mashine yako inapokea SSD ya aina gani. Nyingine hupokea ya inchi 2.5, nyingine ya M.2, na zipo laptopu za bei rahisi ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi. Hizo usizinunulie SSD ya ndani, utapoteza hela.

Tatu, unganisha SSD kwa kasha la USB, kisha nakili diski nzima. Usinakili C peke yake, maana kuna kipande kidogo pembeni kinachowasha mfumo. Ukikiacha, mashine haitawaka. Clonezilla ni ya bure, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Chomeka chaja na hakikisha betri imejaa, umeme wetu mnaujua.

Nne, zima, fungua kwa bisibisi, badilisha, washa. Ikigoma, ingia BIOS uiambie ianze na diski mpya. Na ile ya zamani usiifute mpaka uitumie hii mpya wiki nzima bila shida.

Kuna mtu atasema: Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine ya zamani ni ya zamani tu. Hoja ina uzito. SSD haiwezi kuifanya laptopu isiyo na TPM 2.0 ikubalike kwa Windows 11. Lakini jibu si lazima liwe kununua nyingine. Linux Mint ni ya bure, inakaa vizuri kwenye mashine za umri huo, na LibreOffice inaandika insha na andalio la somo bila kukudai shilingi. Ukishajua kuhamisha mfumo mmoja, kuweka mwingine si ajabu.

Kwangu mimi ninayesomea ualimu, hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Baada ya hapa wengi wetu tutapangiwa shule Chemba, Mpwapwa, Kondoa au mbali zaidi. Mwalimu kijana akifika tu, kompyuta zote za shule ni zake: "Mwalimu, wewe si umetoka chuo?" Kama tunachojua ni kubofya na kuita fundi, zile kompyuta zitaendelea kufunikwa vitambaa, na mtoto wa kidato cha pili ataijua kompyuta kwa mchoro wa ubaoni. Mwalimu anayeweza kubadilisha diski anaweza kuifufua mashine moja mpaka kumi.

Kwa hiyo ninaiomba serikali yetu ya wanafunzi kitu kimoja, na hakihitaji bajeti ya kutisha: Jumamosi moja kila muhula, wenzetu wa CIVE waje Ndaki ya Elimu na bisibisi na makasha ya USB, kila mtu aje na SSD yake, na kila mtu ahamishe mfumo kwa mikono yake mwenyewe. Asifanyiwe, afundishwe. Mkopo wa HESLB tutaulipa kwa miaka mingi. Si busara kuumalizia kwenye laptopu mpya wakati ya zamani ilikuwa inadai diski tu.