Mastaa na App za Mikopo: Hela Wale Wao, Aibu Wabebe Mashabiki?

Mjini hapa kila mtu anamjua. Muigizaji, wafuasi milioni na ushee, nywele mpya kila wiki. Kuna kivideo chake kifupi: anashika simu, anabonyeza mara tatu, anapiga kelele "hela imeingia!" Chini kaandika linki iko kwenye bio. Hakuna neno "tangazo", hakuna namba ya leseni. Likes zikamiminika, mashabiki wakapakua.

Na hayuko peke yake. Yupo MC wa harusi za wakubwa, yupo dada wa ubuyu, yupo kijana wa komedi. Wote wimbo mmoja: pesa ya chap chap, bila dhamana, bila usumbufu.

Bila usumbufu? Usumbufu unaanza siku ya nane!

Piga hesabu kidogo. Chukulia app inasema imekukopesha shilingi 50,000. Inakata 15,000 juu kwa juu na kuiita ada ya huduma, mkononi unabaki na 35,000. Baada ya siku saba inataka 50,000 yake kamili. Hiyo ni karibu asilimia 43 ya ulichopokea, kwa wiki moja tu. Mtaani mkopo wa namna hii una jina lake: kausha damu. Huu umevalishwa tu nguo ya kidijitali.

Ukichelewa ndipo unajua kwa nini app iliomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yako. Bosi anapigiwa. Mama mkwe anatumiwa meseji kwamba mkwewe ni tapeli. Mchungaji naye anaambiwa yeye ndiye mdhamini, wakati hajui lolote.

Ukiwabana mastaa, majibu ni yale yale. La kwanza: "Mimi natangaza tu, app si yangu." Sawa, lakini ulilipwa kwa sababu gani? Hakuna anayemlipa mtu asiyeaminika amtangazie biashara. Kilichouzwa pale ni imani ya mashabiki, na wewe ndiye uliyeiuza.

La pili: "Ni watu wazima, wangesoma masharti." Haya, aliyekopa alibonyeza "Ruhusu". Je, mama mkwe alibonyeza wapi? Bosi alikubali masharti gani? Namba zao zimechukuliwa na wanasumbuliwa kwa deni wasilolijua. Inashangaza zaidi kwamba mastaa hao hao, chati zao zikivuja, wanakuwa wa kwanza kulia kwamba faragha yao imevunjwa. Kumbe faragha ni ya wenye jina tu?

La tatu lina ukweli ndani yake: maisha magumu, na benki hazimtazami machinga wala mama lishe. Ndiyo, watu wanahitaji mikopo ya haraka. Lakini kuna wakopeshaji wenye leseni, na shida ya mtu si ruhusa ya kumdhalilisha.

Wala wasiseme hawakuonywa. Tangu 31 Mei 2023, sera za Google zinazuia app za mikopo binafsi zilizoko Play Store kugusa orodha ya majina na picha za mtumiaji. Sera hizo pia haziruhusu app zinazotaka mkopo wote ulipwe ndani ya siku 60 au pungufu. Kwa hiyo app ikikutumia linki ya kupakua nje ya Play Store, jiulize inakwepa nini. Hapa nyumbani, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Agosti 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikaanika orodha ya app na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni.

Staa ana meneja, ana mwanasheria, ana mtu wa kumshikia mwavuli. Kuuliza "leseni yenu iko wapi?" kabla ya kupokea hela kunamshinda nini? Na kama alishatangaza bila kuuliza, kufuta video kimyakimya usiku hakutoshi. Aseme hadharani, kwa sauti ile ile aliyotumia kupiga kelele hela imeingia.

Kwa aliyeshanasa: nenda kwenye mipangilio ya simu uondoe ruhusa ya majina, picha na meseji, ingawa walichokwisha kunakili hakirudi. Usifute meseji za matusi, huo ndio ushahidi wako. Malalamiko yanapokelewa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Deni lilipwe, ni haki. Lakini hakuna mkataba unaoruhusu mtu atukanwe mbele ya ukoo mzima kwa ajili ya elfu hamsini.

Je, staa aliyetangaza app isiyo na leseni abebe lawama, au aliyekopa ajilaumu mwenyewe? Dondosha maoni yako hapo chini.